Fimbo ya Shaba Nyuma ya Jiko

1

NYEKUNDU: subiri.
NJANO: subiri bado.
KIJANI: haya.

Karatasi hii imebandikwa ukutani, juu ya gadi ya umeme, kile kisanduku chenye taa tatu cha kulinda vifaa, sebuleni kwa Mwalimu Yotamu Mgaya, Makambako. Mwandiko ni wa binti yake, Aneth, anayeishi naye. Herufi ni kubwa mno, kama za tangazo la mnada. Mzee ana miaka sabini na minne na macho yake ni mazima. Ila hasikii, na Aneth ana tabia ya kuandika kwa nguvu kila anachotaka Baba akisikie.


2

OFISI YA SERIKALI YA MTAA WA MLIMANI JUU
YAH: KUKATWA KWA UMEME

Wananchi wote mnatangaziwa kuwa siku ya Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, hakutakuwa na umeme mtaani kwetu, ili kupisha kazi ya kubadilisha nguzo mbili zilizooza. Umeme unaweza kurejea wakati wowote bila taarifa. Kila kaya inakumbushwa kuchomoa vifaa vyake. Ofisi haitahusika na kifaa chochote kitakachoungua.

Limetolewa na
Mtendaji wa Mtaa

(Chini yake, kwa penseli, mtu asiyejitaja: *Na friji langu la mwaka jana je?*)


3

Masikio ya Mwalimu Yotamu yalikufa kuanzia juu kwenda chini.

Zilianza kuondoka sauti nyembamba. Ndege. Kengele ya baiskeli. Kisha sauti za watoto, kisha za wanawake, na siku moja Aneth alisimama mlangoni akasema "Baba, chakula tayari" mara nne, kisha akaenda kulia jikoni. Daktari alichora mstari unaoteremka na kusema kwamba zimebaki sauti nene kidogo tu, nazo zitakwenda. Hakusema lini.

Mtu huyu alifundisha kwaya ya usharika miaka thelathini na mmoja. Fikiria hilo kabla hujaendelea.

Kilichomwokoa ni sanduku. Baa moja karibu na stesheni ilifungwa, ikauza vitu vyake, na Aneth akanunua homu thieta yao: ampu, deki, spika tano ndogo za kubabaisha, na sabufa moja ya mbao nzito, ndefu kufika kiunoni, iliyokuwa ikitetemesha chupa za watu mezani. Aliinunua kwa aibu, akaiingiza ndani imefunikwa shuka. Baba akaweka viganja vyake viwili ubavuni mwa ile mbao. Aneth akaweka sidii ya kwaya ya zamani.

Baba akafumba macho.

"Besi wamechelewa kuingia," alisema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Siku zote walikuwa wanachelewa, wale."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi saa kumi jioni, saa ya mazoezi ya kwaya, Mwalimu huvaa koti na kukaa mbele ya sanduku lililotoka baa. Siku nyingine haligusi. Mazoezi ni Jumamosi.


4

Machi iliyopita umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Ampu ikatoa moshi mwembamba wa bluu.

Fundi Lupyana Sanga alihangaika nayo miezi mitano. Kifaa kilichoungua hakitengenezwi tena popote. Alikitoa kwenye ampu mbovu ya aina hiyohiyo aliyoifumania Mafinga. Sabufa mpya za dukani zilijaribiwa, mbili. Za plastiki. Baba aliweka viganja, akangoja, akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa chakula asichokila.

Miezi hiyo mitano, kila Jumamosi saa kumi, alivaa koti na kukaa mbele ya sanduku lililokufa. Viganja ubavuni. Saa nzima.

Aneth aliapa kwamba hatayaona tena.


5

*(Karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne, imo ndani ya Biblia ya Aneth)*

1. Ampu isichomekwe ukutani moja kwa moja. Kwanza gadi, halafu stabilaiza, halafu ampu. Usiruke hatua.

2. Umeme ukirudi, gadi itakaa dakika tatu kabla ya kuruhusu. Usiibonyezebonyeze. Haijafa. Inahakikisha kwanza umeme umetulia.

3. Gadi peke yake ni pambo. Umeme ukizidi lazima upate njia ya kwenda ardhini, la sivyo unapita kwenye ampu. Hiyo njia ndiyo athi: ile fimbo ya shaba niliyozika nyuma ya jiko, na waya wake wa kijani.

4. Kiangazi udongo ukikauka athi inakufa. Shimoni nimeweka mkaa. Wewe kila jioni mwagia maji yenye chumvi nyingi.

5. Fukia vizuri. Usimwonyeshe mtu, usimwambie mtu. Shaba inang'olewa hapa mjini ikauzwe skrepa.

6. Radi ikianza, sahau yote hayo. CHOMOA.

Fundi L. Sanga
Kama hujaelewa piga simu, usibahatishe.


6

*Fundi Sanga, alipoulizwa:*

Namba tano. Ndiyo. Ni mwandiko wangu, siukatai.

Mimi niliwaza wezi. Nimefunga athi kumi na moja mji huu, saba zimeng'olewa, kwa hiyo kila mteja namwambia afunge mdomo. Chumvi, mkaa, jioni, kimyakimya. Ni ufundi wa kawaida tu. Haukunijia kabisa akilini kwamba ukimwona mtu kwa mbali anafanya hivyo, na humjui fundi wake...

Tena sikujua kwamba kuna shangazi.


7

Shangazi Onolina, dada wa pekee wa Mwalimu, alishuka kutoka Lupembe siku ya Jumanne na gunia la viazi na msimamo wake. Alikuja kumwona kaka yake, na kumwona kwenyewe kulimuuma, kwa sababu alikaa mbele yake akasema "Kamwene, kaka," na kaka akatabasamu na kumuuliza kama mvua imenyesha huko Lupembe. Akajibu. Kaka akamuuliza tena.

Jioni hiyo Shangazi alitoka kwenda chooni, na kwenye pembe ya jiko akamwona Aneth amechuchumaa.

Ana kopo.

Anatazama kushoto. Anatazama kulia. Anamwaga kitu ardhini polepole, huku midomo ikichezacheza. (Alikuwa anahesabu vikombe. Sanga alisema sita.) Kisha anasawazisha udongo kwa kiganja, anatandaza majani makavu juu, anajipangusa mikono.

"Unafanya nini hapo, mwanangu?"

Aneth aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Hamna, Shangazi. Nanawa tu."

Ananawa! Kwa binti wa miaka arobaini na moja, msomi, karani wa yadi ya mbao anayepima futi za watu siku nzima bila kukosea, huo ndio uongo aliokuwa nao mkononi. Ukimya ulioshauriwa na fundi ulifanya kazi yake vizuri mno.

Jumatano Shangazi aliangalia tena, kupitia tundu la mlango wa choo. Alhamisi akaenda kuonja udongo.

Chumvi.


8

*Ujumbe wa sauti, kundi la simu la UKOO WA MGAYA, Ijumaa, dakika tatu na sekunde kumi. Unaanza kwa kukohoa:*

Bwana asifiwe wote. Mimi ni shangazi yenu, nipo hapa kwa kaka. Sitaki kumpaka mtu matope. Nasema nilichokiona kwa macho haya. Kuna kitu kimezikwa hapa nyumbani. Nimechimba kidogo kwa kijiko: kuna mkaa, kuna chumvi, kuna chuma chekundu kimesimamishwa wima. Sasa sikilizeni. Kile chuma kimefungwa waya. Nikaufuata ule waya. Umepita chini ya dirisha. Umeingia ndani. Umekwenda mpaka... jamani... umekwenda mpaka pale anapokaa kaka yangu siku za Jumamosi. Mpaka pale pale.

Naye hasikii. Tangu mke wake afariki hasikii, na anayekaa naye ni mmoja.

Sitaji jina. Naomba mniombee.


9

*(Bombani, Jumamosi, saa nne asubuhi. Waliosema hawakutajana.)*

— Kwa Mwalimu wanachimba.

— Choo?

— Choo gani. Wanachimba mambo.

— Yule binti mpole hivyo?

— Hao wapole ndio hao.

— Mimi niliwahi kumwona dukani. Chumvi pakti nne. Nikajiuliza, watu wawili?

— Haya, ndoo yako imejaa, sogea.


10







(Hapa palikuwa na fimbo.)







11

Wewe unayesoma. Nyumbani kwako, nyuma ya soketi unayochomeka televisheni, kuna waya wa kijani. Unaishia wapi?

Hujui. Sikucheki. Wengi wetu hatujui. Tunanunua gadi, tunafurahia taa yake, na hatuulizi umeme mbaya ukishazuiwa unapelekwa wapi. Mwingine waya wake umekatwa ukakunjwa ndani ya ukuta na fundi aliyekuwa na haraka. Taa inawaka vilevile.

Hilo ndilo baya. Gadi isiyo na athi huwaka kijani hivyohivyo.


12

Saa tisa na dakika kumi na tano, yadi ya mbao, ng'ambo ya reli.

Aneth alikuwa anapima mbao za mninga wa mteja mbishi. Mawingu yalikuwa yameanza kupanda upande wa mlimani, ya kwanza tangu Mei, na watu yadini walikuwa wanayashangilia. Aneth naye alifurahi. Mvua ikinyesha, kazi ya chumvi inakwisha.

Simu ikatetemeka: kundi la ukoo, ambalo ujumbe wake wa sauti wa jana hakuwa ameufungua.

Picha. Mkono wa Shangazi umeshika fimbo ndefu ya shaba, ina udongo, waya wa kijani umening'inia, umekatwa kwa jembe. Chini yake, maneno:

TUMEKING'OA. BWANA ATUKUZWE.

Watu kumi na saba walikuwa wameshaweka alama ya mikono ya kuomba. Mmoja wao ni kaka yake mwenyewe, Obadia, wa Mbeya.

Mteja alimuuliza Aneth, "Dada, ngapi hiyo?" naye hakukumbuka kwamba alikuwa anapima kitu.


13

— Shangazi, shikamoo.

— Marahaba.

— Ile fimbo iko wapi?

— Iko inakostahili. Chooni.

— Chooni! Shangazi, jamani, mmeitupa kweli? Ile inatakiwa irudishwe pale pale, leo hii, kabla—

— Mnasikia, akina mama wa maombi? Anaitaka!

— Ni ya umeme. Inaitwa athi. Inalinda ile mashine ya Baba.

— Umeme wa chumvi? Tangu lini umeme ukatiwa chumvi?

— Fundi ndiye aliyeniagiza.

— Siku hizi wanaitwa mafundi.

— Shangazi!

— Kama ni kitu chema, mbona hukusema? Siku tano nimekaa nyumba hii. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, ukasema unanawa.

Aneth akafungua mdomo. Jibu la kweli lilikuwa: niliambiwa nisimwambie mtu. Akalipima kichwani, akaona jinsi litakavyosikika upande wa pili, akalimeza.

— Nakuomba kitu kimoja tu. Umeme ukirudi, Baba asiwashe. Chomoa ule waya mnene mweusi ukutani. Mawingu yanakuja.

— Yaani kaka yangu amekaa pale, amevaa koti lake, ana furaha, halafu mimi nimzimie? Unaogopa nini, Aneth? Mwenye kitu chake ndiye anayeogopa.

Simu ikakatika. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

Angempigia Baba?

Haya, mpigie.


14

— Fundi Sanga, wameng'oa athi.

— Nani? Wezi?

— Familia.

(Upande wa Sanga nyundo inagonga mahali.)

— Umeme upo?

— Umekatwa mpaka saa kumi.

— Mawingu?

— Yapo juu ya nyumba yetu.

— Sikiliza. Nguzo mpya, laini ndefu, mvua ya kwanza. Radi ikipiga hata mbali kidogo, itatembea kwenye nyaya mpaka kwenu, na haina pa kushukia isipokuwa kwenye ampu. Ile ikiungua safari hii nitakuja kutoa pole tu. Dada Aneth, uko wapi?

— Kazini.

— Sasa unaongea na mimi ya nini?


15

Saa tisa na dakika arobaini. Treni ya mizigo imesimama katikati ya njia panda, mabehewa yameziba barabara pande zote, na dereva wake ametokeza kiwiko dirishani anakula muwa. Bodaboda wa Aneth akazima pikipiki. "Hii ikisimama huwa inasimama," alisema.

Aneth alishuka. Akatazama nafasi kati ya behewa na behewa, ile minyororo na ndoano zenye grisi. Akakunja sketi.

"Dada! Dada, acha ujinga!"

Alipotokea ng'ambo alikuwa na mstari mweusi wa grisi toka paji la uso mpaka shingoni, na alikuwa anakimbia.


16

Saa kumi kasoro dakika tatu. Mtaa wa Mlimani Juu.

"UMERUDIIIII!"

Wanaopiga kelele hizo ni watoto, siku zote, na watu wazima huzipiga moyoni. Redio tatu zikaamka kwa pamoja. Mashine ya kusaga ikanguruma.

Sebuleni kwa Mwalimu:

nyekundu

Mwalimu anakaza vifungo vya koti.

nyekundu

Shangazi na wenzake wawili wa maombi wamesimama karibu na mlango, wameshikana mikono.

njano

Anasoma karatasi ya binti yake, japo anaijua kwa moyo. Anasubiri kama ilivyoandikwa. Mtu mtiifu.

njano

njano



kijani.


17

Kile alichokiona Shangazi, msimkasirikie sana.

Alimwona kaka yake, ambaye kwa siku tano hakusikia salamu, wala mlango, wala sufuria iliyodondoka nyuma yake, akibonyeza kitufe, akiweka viganja kwenye sanduku na kufumba macho. Nyimbo zikajaa chumba. Na kaka akaanza kupiga mapigo. Kichwa kilikwenda sawasawa, mguu sawasawa. Pale besi walipochelewa, akakunja uso. Walipoingia, akatabasamu.

Tangu asubuhi fimbo imeng'olewa. Jioni kaka anasikia.

Ungekuwa wewe ungesemaje?

Shangazi alianguka magoti na kulia kwa furaha, na wale wenzake wawili wakatoka mbio kwenda kuutangazia mtaa.


18

Ngurumo ya kwanza ilimkuta Aneth kwenye kona ya kisima. Akaanza kuhesabu, kama alivyofundishwa shule: mmeto wa radi, kisha sekunde mpaka ngurumo.

Tisa.

Lango. Mlango. Shangazi amesimama kizingitini, ametanua mikono, machozi bado yapo.

"Usiingie na mambo yako! Anasikia! Mtazame, anasikia!"

"Hasikii, Shangazi. Ni mikono. Angalia mikono yake ilipo."

"Anapiga mapigo!"

"Yanapita kwenye mbao yanaingia mikononi. Ndiyo kusikia kwake. Kimebaki hicho tu, na radi inakuja kukichukua, na wewe umeniondolea pa kuipeleka. Nipishe."

Mmeto.

Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita—

Nyumba ikatikisika. Balbu ya sebuleni ikafifia, ikawaka tena.

Shangazi hakupisha. Aneth, ambaye maisha yake yote alimsalimia mwanamke huyu kwa kupiga goti, alimshika mabega, akamsogeza kando kama kiti.


19

Plagi ni nyeusi, ina joto kidogo. Aneth ameishika.

Baba akafumbua macho.

Hakusikia kitu, labda sakafu ilimwambia kuna miguu. Akamwona binti yake ana grisi usoni, mkono kwenye plagi, na akaelewa anachotaka kufanya, ila hakuelewa kwa nini. Akainua mkono wa kushoto. Kiganja wazi, vidole vimeachana kidogo. Watu arobaini waliwahi kushika pumzi kwa mkono huo.

Ngoja.

"Mama yako anaingia," alisema, kwa sauti kubwa.

Akafumba macho tena.


20

Kuhusu wimbo huu, kwa ufupi, maana muda hatuna.

Aliutunga yeye. Katikati, besi na wengine wote wananyamaza, na mwanamke mmoja anaimba peke yake mapigo thelathini na mbili. Alikuwa msichana wa sauti ya pili, mwembamba, mwenye haya, na Mwalimu kijana alimtungia sehemu hiyo ili apate sababu ya kumtazama bila kusemwa. Walioana Desemba.

Sauti yake ni nyembamba. Mbao haitetemeki.

Kwa hiyo kwa mapigo thelathini na mbili, kila Jumamosi, viganjani mwa Baba hakuna kitu. Hakuna kabisa. Anakaa na kuhesabu, akijua kwamba yupo pale anaimba. Kisha pigo la thelathini na tatu besi wanaingia, mbao inaamka, na anajua kwamba mke wake amemaliza.

Yeye ni hiyo nafasi tupu.


21

Mama anaimba. Aneth anamsikia.

Shangazi anamsikia.

Baba: moja, mbili, tatu, nne. Kidole kinapiga juu ya mbao. Midomo inahesabu.

Mmeto. Mweupe, dirisha lote.

Aneth: moja, mbi—

Mlio ulikuja kabla hajamaliza mbili. Hii ilikuwa juu ya mlima, si mbali, na inayofuata itakuwa hapa.

Basi ndipo wazo baya likamjia, na lilikuja likiwa kamili. Akichomoa sasa, Baba hatajua. Sasa hivi kwake hakuna kitu. Na hakuna kitu ni hakuna kitu. Anaweza kumkatisha Mama katikati ya neno na uso wa Baba usibadilike.

Mpaka pigo la thelathini na tatu.

Kumi. Kumi na moja.

Daktari alisema, nazo zitakwenda. Hakusema lini.

Kumi na mbili.

Akachomoa.


22

Neno la Mama likabaki nusu.

Taa ya kijani ikazima.

Kumi na tano, inasema midomo ya Baba. Kumi na sita. Anatabasamu. Ana kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza kitu anachokipenda.

Shangazi alimtazama kaka yake akiendelea kupiga mapigo ndani ya chumba kilichonyamaza. Akatazama plagi sakafuni. Akatazama vile viganja viwili vilivyotulia kwenye mbao.

"Hasikii," alisema, taratibu.

Kisha radi ikapiga.

Iliipiga nguzo mpya, au transfoma, au vyote viwili. Mtaa mzima ulipiga yowe. Balbu ya sebuleni ilipasuka. Kwenye soketi tupu ukutani cheche ya bluu iliruka, ikatafuta, ikakosa pa kwenda, ikaacha alama nyeusi kwenye rangi. Waya wa ampu ulikuwa umelala hatua moja kutoka hapo.

Mtikisiko wa ngurumo Baba anaujua, ameuacha upite. Ishirini na moja, inasema midomo yake. Ishirini na mbili.


23

Amelindwa. Sanduku liko salama, ampu iko salama. Aneth amefanya kila kilichoandikwa, mpaka namba sita.

Ishirini na tatu.

Mguse bega, basi. Afumbue macho, aone giza, aone balbu, aelewe. Aneth akanyoosha mkono. Ukasimama hewani. Kumgusa ni kumwambia kwamba Mama haimbi, kwamba kwa muda wote huu alikuwa anatabasamia waya uliochomolewa, na nani aliuchomoa.

Kutomgusa ni pigo la thelathini na tatu. Mbao imekufa chini ya viganja. Atasubiri. Atadhani wamechelewa, siku zote wanachelewa, wale. Atasubiri tena. Halafu ataelewa vibaya: kwamba hata zile sauti nene zimekwenda.

Ishirini na sita.

"Inabidi kitu kitetemeke," Aneth alisema, hajui anamwambia nani. "Shangazi, inabidi kitu kiitetemeshe."

Ishirini na saba.

Shangazi Onolina ni mwanamke mzito, na magoti yake hayataki. Tangu usichana wake sauti yake ilikuwa nene kiasi kwamba pale Lupembe wavulana walimwita mjomba, na akaacha kuimba kabisa, miaka hamsini. Wimbo huu alimsikia kaka yake akiutunga, jioni kwa jioni, nyuma ya ukuta wa udongo.

Ishirini na tisa.

Alipiga magoti nyuma ya sanduku. Akalikumbatia kwa mikono miwili. Akabandika kifua chake chote kwenye ile mbao, na shavu, na mdomo.

Thelathini.

Kidole cha Baba kinapanda. Kinashuka.

Thelathini na moja.

Mvua imefika kwenye bati. Aneth hahesabu tena kitu chochote isipokuwa kidole hicho.

Thelathini na mbili.

Shangazi anavuta pumzi, ndefu, na mikono ya Baba juu ya mbao inangoja.